Kompyuta Haijui Kiingereza

Katika toleo lililopita la jarida letu hili, ndugu yetu mmoja (jina silitaji, aliyesoma anamjua na ambaye hakusoma aazime) alituasa sisi vijana tunaojifunza kuandika tukae mbali na kompyuta. Alisema mengi, na mengine aliyasema vizuri. Alisema simu zimetuibia saa za kusoma. Sawa. Alisema kijana wa leo hamalizi kurasa 20 bila kuchungulia kioo cha simu. Sawa pia, hata mimi nawajua, na wengine wao wanajiita washairi. Lakini mwishoni akatoa hukumu mbili ambazo siwezi kuzimeza. Ya kwanza, ati teknolojia ni mambo ya mafundi, mwandishi hana kazi nayo. Ya pili, ati hata tungetaka, Kiswahili hakina tumbo la kusaga mambo ya kompyuta, kwa hiyo tuwaachie wenye Kiingereza chao. Hapo ndipo nilipoliweka jarida chini nikatafuta kalamu.

Nijitambulishe kwa kifupi, si kwa majivuno. Nimeishia kidato cha nne, na Kiingereza changu ni kile cha kukariri mtihani uishe. Mchana nipo kwenye steshenari moja hapa Dodoma, natoa kopi, nachapa barua, najazia watu maombi ya kazi kwenye mtandao. Usiku naandika riwaya ambayo imefika sura ya kumi na moja na haina mchapaji. Na katikati ya mchana na usiku huo, mwaka wa nne sasa, natunga programu. Nasema natunga, sikukosea neno. Fundi anatengeneza kiti, nami namheshimu. Lakini programu ni maneno yaliyopangwa mstari chini ya mstari mpaka kitu kitokee. Huo ni utunzi, bwana.

Kama huamini, tuanze na neno moja ambalo nchi nzima inalijua: kikokotoo. Zamani lilikuwa neno la darasani tu, kile kidude cha kujumlishia na kutolea. Mwaka 2018, baada ya mifuko ya hifadhi ya jamii kuunganishwa, likaja na sura nyingine. Kanuni mpya ilisema mtumishi akistaafu apewe kwa mkupuo asilimia 25 ya mafao yake, wakati watumishi wengi wa umma walikuwa wamezoea asilimia 50, na inayobaki alipwe kidogo kidogo kila mwezi. Watu wakachemka. Desemba ya mwaka huohuo Rais Magufuli akaamuru kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Julai 2022 ikaja asilimia 33, watu wakanuna upya. Kwenye bajeti ya 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa lile kundi lililokuwa likipata 50.

Sasa nakuuliza, kikokotoo ni nini? Ni programu. Chukua mshahara, zidisha kwa miezi aliyofanya kazi, gawa kwa namba hii, toa asilimia hii, mpe. Haikushuka na mvua. Kuna mtu aliketi mahali, pengine na kikombe cha chai pembeni, akaiandika. Na walimu, manesi, madereva wa Serikali, hata mama anayeuza karanga stendi ambaye hana pensheni yoyote, wote waliibishia. Waliweza kuibishia kwa sababu iliwafikia kwa neno linalokaa mdomoni mwao. Ingekuja na jina la Kiingereza la wataalamu wa bima, ingepita usiku watu wamelala.

Linganisha na hii mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Sitini na tisa! Waliokopa wanajua zinavyofanya kazi. Unaipakua, inakuuliza kwa Kiingereza kama inaweza kuona majina yote yaliyomo kwenye simu yako, nawe unabonyeza kukubali maana mtoto karudishwa ada. Ukichelewa kurejesha siku mbili, mkwe wako anapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Dada mmoja mteja wetu alikuja kwenye steshenari anatetemeka, mchungaji wake ameshatumiwa ujumbe, na mwenye nyumba pia. Aliniomba nimtafutie mahali alipokubali jambo hilo. Nikampata, akasoma, akaniuliza: "Hapa pamesemaje?"

Fikirini, washikaji. Kuna mtu aliandika sentensi inayosema: asipolipa, watumie ujumbe wote aliowahifadhi. Ina kitenzi, ina mtendwa, imekamilika. Ina ukatili kuliko jambazi wa sura ya saba wa riwaya yangu, niliyemhangaikia miezi miwili. Na mwandishi wake hatajwi kwenye jalada lolote. Halafu mtu ananiambia mwandishi hana kazi na teknolojia. Kazi ya nani basi, kusoma maandishi yanayomvua mtu nguo mbele ya mchungaji wake?

"Wee, lakini mashine yenyewe inaongea Kiingereza," atanijibu ndugu yetu. Haiongei. Mashine inajua umeme upo au haupo, moja au sifuri, basi. Kiingereza haikijui kama isivyojua Kigogo. Kinachoandikwa kwa Kiingereza ni zile lugha za kutungia programu, na maneno yenyewe ni machache ajabu. Python, ninayoitumia mimi, ina maneno 35 ya lazima, ya aina ya kama, au, na, vinginevyo, endelea, acha. Thelathini na tano! Muuza mitumba pale Sabasaba anajua bei nyingi kuliko hizo kabla ya saa nne asubuhi. Mengi katika yaliyobaki ni majina unayoyapa wewe vitu vyako, na hapo mashine haikuulizi kabila. Naandika mwanachama, naandika marejesho, naandika siku_za_kuchelewa, inatii bila kinyongo.

Na waliozitunga lugha zenyewe ni akina nani? Guido van Rossum aliyeanzisha Python ni Mholanzi. Lua ilizaliwa mwaka 1993 kwenye chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro, Brazili, na jina lake ni Kireno, maana yake mwezi. Ruby ilitolewa Japani mwaka 1995 na Yukihiro Matsumoto, na miaka ya mwanzo maelezo yake yalikuwa kwa Kijapani, aliyeitaka akajikaza. Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi Helsinki. Hakuna hata mmoja hapo aliyezaliwa London.

Sitaki kudanganya. Vitabu vya kujifunzia na majibu ya maswali magumu vimejaa Kiingereza, nami nimechakaza kamusi mbili. Lakini kitabu kuwa kigumu si sawa na kazi kuwa ngumu, na wala si sababu ya kuwaambia watu wazima kwamba lugha yao haina tumbo.

Ugonjwa wetu uko kichwani. Njooni steshenari niwaonyeshe. Mtu analeta simu ambayo dukani waliiweka Kiswahili, ananiomba niirudishe Kiingereza "ili ieleweke". Namrudishia. Halafu anakaa kwenye benchi ananiuliza neno moja moja maana yake nini. Siku nyingine akaja mhitimu mmoja wa mambo ya kompyuta, akaona programu yangu imefunguka mezani, akacheka mpaka akakohoa. "Sasa 'hisa' ndiyo nini? Andika 'shares', bwana, watu wakuone profesheno." Nikamwuliza ni watu gani hao, wenye hisa zao au yeye. Akanilipa kopi zake akaondoka.

Ugonjwa huu una historia, na sisi wa Dodoma tunaweza kuihesabu kwa miaka ya mji wetu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie hapa. Mwaka uliofuata, 1974, Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sababu haikuwa ujinga, kama wengine wanavyopenda kusema leo. Wizara ya Fedha ilikuwa imeanza kutumia mashine katika miaka ya 1960, na hesabu za Serikali zilipohamishiwa humo zikavurugika mpaka wakarudi kwenye vitabu vya mkono. Televisheni nayo, Zanzibar waliipata 1973, sisi Bara tukaiona 1994. Tumesubiri vyote: Serikali yenyewe ilianza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, miaka 43 baada ya uamuzi. Nyumbu wangeshakwenda Serengeti na kurudi mara 43.

Mimi simlaumu mzee wa 1974 aliyeogopa mashine isiyojibu maswali yake. Alikuwa na haki ya kuuliza. Ninachobisha ni dawa aliyoitumia, maana alifunga mlango badala ya kudai mashine ijibu kwa lugha yake. Leo tumeufungua mlango wote mpaka bawaba zimeng'oka, na bado hatujadai.

Wapo waliodai, tuwape haki yao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia barua na kupigia hesabu, ambayo maelezo yake yote ya kwenye kioo ni Kiswahili. Microsoft nao wakaja na Kiswahili chao. Sasa zunguka mjini, ingia ofisi kwa ofisi, nitafutie moja inayotumia. Ukiwauliza wakubwa watakwambia maneno yake yanachekesha. Jamani! Neno gani jipya halichekeshi siku ya kwanza? Kishikwambi kilichekesha nchi nzima mwaka 2022, mpaka makarani wa Sensa walipoanza kupita nacho mlango kwa mlango Agosti 23. Baadaye vikagawiwa kwa walimu, na sasa mwalimu akisema kishikwambi chake kimeisha chaji hakuna anayecheka. Na LUKU je? Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Bibi yangu hajawahi kukaa kwenye kiti cha shule, lakini ananunua luku na kubonyeza tarakimu 20 zilizofungwa kwa hesabu za siri, akikosea moja anarudia, taa zinawaka, anaendelea na mlenda wake. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni mambo ya wenye Kiingereza, ndiyo maana anayaweza.

Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hiyo niwape mfano wa kazi.

Kuna kikundi cha akina mama wa sokoni, wapo thelathini kasoro, wanaweka hisa kila Alhamisi. Mnavijua vikundi hivi. Mbegu yake ilipandwa Niger mwaka 1991 na leo viko kila mtaa. Pesa inakaa kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo wanashika watu watatu wa nyumba tatu, asiwepo wa kulifungua peke yake. Wataalamu wa usalama wa kompyuta wanalipwa fedha nyingi kubuni mambo ya namna hiyo. Akina mama wanayo na hawajamwandikia mtu ankara. Walinitaka niwatungie programu ya kuhesabu hisa, mikopo na faini, kwa sababu daftari lilikuwa limelowa mvua ya Januari.

Tulikwenda vizuri mpaka tukafika kwenye faini. Katiba yao ilisema anayechelewa au kukosa kikao atozwe shilingi 500. Nikauliza: "Aliyefiwa je?" Katiba kimya. Hapo kikao kikawa soko. Mmoja akasema aliyefiwa asitozwe. Mwingine akasema msiba wa nani, maana kuna mwenzao kila mwezi anafiwa na binamu. Mwenyekiti akapiga meza. Baada ya saa nzima wakakubaliana kwamba aliyefiwa na mtu wa nyumbani kwake asamehewe wiki mbili. Nikaandika mstari huo mbele yao, nikageuza kioo wakaona. Lile neno moja la Kiingereza lililomo nilishawaambia ni "kama", walilizoea kwa dakika mbili. Mengine yalikuwa yao: msiba_wa_nyumbani, wiki, faini.

Mweka hazina, mama wa darasa la saba, akavaa miwani, akasogea, akaweka kidole kwenye kioo. "Mwanangu," akasema, "hapa mmeandika wiki mbili. Na mjane aliye eda? Huyu hatoki miezi minne na siku kumi."

Watu wakanyamaza. Kati yao kulikuwa na mjane, na siku hiyo hakuwepo, yuko ndani. Piga hesabu mwenyewe: miezi minne na siku kumi ni kama Alhamisi 18. Ondoa mbili za msamaha, zinabaki 16. Kwa shilingi 500, mashine ingemwekea deni la 8,000 kwa kosa la kumlilia mumewe, na ingemwekea kimyakimya, bila mtu kumchukia wala kumwonea. Wakaongeza kanuni papo hapo, nikaongeza mstari: kama yuko_eda, faini ni sifuri.

Sasa mpe mstari huo yule mhitimu aliyecheka. Angeandika kwa Kiingereza safi, kwa majina yanayopendeza wahitimu wenzake, na mama yule angevaa miwani yake akaona wadudu. Angesema "haya mwanangu, wewe ndiye unayejua", akarudi kwenye kiti. Kiswahili changu hakikuifanya programu iende kasi zaidi. Kiliwapa wenye pesa nafasi ya kuisahihisha kabla haijawahukumu.

(Walipotaka neno la kufungulia programu niliwaambia linaitwa nywila. Hawakulipenda. Wao wanaliita kufuli la nne, nami nimebadilisha kwenye kioo, sasa limeandikwa hivyo.)

Turudi kwetu waandishi. Faraji Katalambulla alitoa "Simu ya Kifo" mwaka 1965. Hebu fikiri, mwaka 1965 simu ilikuwa nyumbani kwa watu wangapi? Hakusubiri fundi wa posta ampe ruhusa, aliichukua akaijengea riwaya ya upelelezi. Leo simu iko kila mfuko, tangu 2008 tunatumiana pesa humo, mtu anaweza kufilisiwa amelala, na bado nikisoma hadithi za wenzangu nakuta barua ya mapenzi inaletwa na kijana wa baiskeli. Wajameni, kijana huyo sasa ni bodaboda na barua haipo!

Matapeli wametuzidi, nasema kwa uchungu. "Ile hela itume kwenye namba hii." Nani hajapokea huo ujumbe? Maneno sita. Ndani yake kuna mtu anayekudai, kuna ahadi mliyowekeana, kuna haraka, na kuna namba mpya isiyoelezwa ni ya nani. Msomaji anajazia mengine mwenyewe mpaka anatuma pesa. Ningeweza kuandika ukurasa mmoja wenye nguvu hiyo ningeacha kutoa kopi kesho. Wezi wameitazama simu wakaona hadithi, sisi tuliojiita watunzi tumeitazama tukaona adui wa vitabu. Riwaya ya yule dada na mchungaji wake ataiandika nani? Ya mzee aliyefanya kazi miaka 35 akasubiri asilimia zake huku namba zikibadilishwa? Tukingoja mhitimu wa kompyuta aiandike, ataandika "shares".

Kwa hiyo, ndugu yangu wa toleo lililopita, sikukatazi kupenda karatasi. Mimi mwenyewe sura zote kumi na moja nimeziandika kwa kalamu ya wino kwanza. Lakini nimeambiwa makala yako ya kutukataza kompyuta uliituma kwa simu, umeichapa kwa kidole gumba, na zile herufi zilizokuwa zinajisahihisha zenyewe kwa Kiingereza ulipambana nazo mpaka usiku. Programu iliyokuwa inakugeuzia "kwa" kuwa neno lingine ilitungwa na mtu. Ulikuwa unabishana naye bila kumjua.

Njoo steshenari Jumamosi mchana, wateja wakipungua. Kuna kompyuta moja ya zamani pale, herufi M yake imechoka, inabidi uipige mara mbili. Nitakuandikia yale maneno 35 kwenye nusu karatasi, Kiswahili chake pembeni. Ukiyamaliza kabla ya adhana ya alasiri, soda juu yangu. Usipoyamaliza, soda juu yako na tunaendelea Jumamosi inayofuata.